Mafundo Chini ya Kitanda

Tekla Mhongole, ambaye sote tulimwita Mama Didas, aliingia kazi ya aya katika wodi ya kifua ya hospitali moja ya Iringa mwaka 1951. Jina la hospitali sitalitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza lilikuwa langu na hakuna aliyenituma. Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano. Naitwa Muharami bin Alawi, mzaliwa wa Miyomboni, mjini hapohapo. Babu yangu alitoka pwani na mzigo wa kaniki akasahau kurudi, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu tulijihesabu watu wa pwani, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari.

Kazi ya aya ilikuwa kumwaga makopo ya makohozi, kupiga deki, kubadilisha mashuka na kugawa uji wa asubuhi. Maoni yake hayakuwa sehemu ya kazi. Mama Didas alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye uso usiotoa habari. Hakuwahi kumbembeleza mgonjwa. Kiswahili chake kilitembea pekupeku, nami nilimsahihisha kila siku kwa miaka sita bila yeye kushukuru wala kubadilika.

Mgonjwa akifika, utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza mimi niliandika jina, kijiji, jumbe wake na joto la mwili. Kisha alikuja daktari, Mzungu mrefu ambaye wagonjwa walimwita Bwana Pumua, kwa kuwa Kiswahili chake cha wodini kilikuwa “Pumua. Shika. Pumua tena.” Akimaliza kusikiliza kifua huuliza, “Hujambo?” Mgonjwa hujibu, “Sijambo, bwana.” Daktari naye huandika.

Namkumbuka mzee mmoja aliyejibu “sijambo” saa tatu asubuhi, na saa sita tukamfunika shuka. Hakuwa mwongo. Ndivyo tulivyolelewa, Mhehe, Mbena na hata sisi wa mjini: mtu akikujulia hali humtupii ugonjwa wako usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Kwanza unajibu vizuri. Mengine yatafuata baadaye, kama kuna baadaye.

Daktari akishaondoka, Mama Didas alikuja na ndoo yake, akachuchumaa kando ya kitanda na kuanza kuuliza. Hakuuliza habari za kifua. Aliuliza nani amekuleta. Nani anakupikia. Nyumbani moto unawaka wapi, na moshi unatokea wapi. Maji mnateka wapi, na nani anateka. Watoto wangapi wanalala na wewe. Mara ya mwisho ulipougua ulikwenda wapi, na mbona uliondoka.

Kabla ya maswali alikwisha kutazama mzigo. Siku hizo hospitali ilitoa uji tu. Chakula chenyewe kilipikwa na ndugu wa mgonjwa, katika banda la nyuma ya wodi, kwa chungu chao na unga wao. Ndugu aliyekuja na debe la unga alikuwa amejiandaa kwa ugonjwa. Aliyekuja na kibaba alidhani kesho wanarudi. Aliyekuja bila ndugu, bila chungu, akishika blanketi lake mwenyewe, huyo Mama Didas alimtazama kwa muda mrefu.

Akimaliza, alichomoa kamba ya katani kutoka pindo la kanga, akaifunga kwenye mguu wa kitanda, chini, mahali pa kutoonekana, na kuipiga mafundo. Kila tatizo fundo moja. Kifua hakikupata fundo.

“Kifua ni ya daktari,” alisema. “Mimi nahesabu ile ingine.”

Hesabu hiyo aliipata kwa mumewe. Tadeo alikwenda Kilosa kukata mkonge, manamba kama wengine, akarudi mwaka 1948 na kikohozi. Alilazwa, akatibiwa, akapona, daktari akamruhusu. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima na maji yalikuwa bondeni. Tekla alikuwa na mimba ya miezi minane, ya huyo Didas. Siku ya pili Tadeo aliona haya kulitazama tumbo la mkewe likiteremka kilima na mtungi, akauchukua yeye. Wiki ya tatu walimzika.

Mama Didas alinisimulia hayo mara moja tu, akikamua tambara la deki. Alisema daktari alikuwa na haki, kifua kilipona kabisa. Aliyekufa ni Tadeo.

Bwana Pumua alipozigundua kamba zile alidhani ni hirizi, akaniita nitafsiri. Nilitafsiri huku nikiona aibu, kama mtu anayeeleza mambo ya shangazi yake mshamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alitaka kumruhusu mtu mmoja ambaye homa ilikuwa imemwisha, akasita, akainama, akapapasa chini ya kitanda jinsi wanunuzi wanavyopapasa kuku sokoni. Akakuta matano. Yule mtu alikaa wiki mbili zaidi, shemeji yake akaitwa kuja kumchukua, na ndipo alipoondoka.

Tangu hapo ikawa desturi. Daktari hakusaini ruhusa kabla ya kupapasa. Fundo moja au mawili, nenda nyumbani. Matatu na kuendelea, “Mwite mama.” Hakuna mahali ilipoandikwa. Daftari langu lilikuwa na wino wa rangi tatu na mistari iliyonyooka kwa rula, na hakuna aliyelipapasa. Nitasema wazi: niliona wivu. Mtu mzima, mwenye cheti, niliionea wivu kamba ya katani.

Mwezi wa sita mwaka 1957 Mama Didas aliomba likizo ya wiki mbili kwenda kuvuna mahindi na mama yake. Siku moja kabla hajaondoka alifika mgonjwa aliyeitwa Marcelino, kutoka milima ya upande wa Ilula. Alishuka kwenye lori peke yake, blanketi begani. Kichomi, mapafu yote mawili. Tulimpa kitanda cha tisa. Mama Didas alichuchumaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Nami nilikuwa karibu, nachemsha sindano, na nilikuwa na haraka, kwa hiyo sikusikiliza.

Marcelino alikuwa mgonjwa ambaye kila dresa angemwomba Mungu ampe. Nikimchoma sindano alisema asante. Alikohoa ameziba mdomo na blanketi ili asiwaamshe wenzake. Wanawake wa bandani walimgawia ugali, na kila mara alirudisha nusu akisema ameshiba. Asubuhi nilimwamkia kwa lugha yao, “Kamwene,” naye akaitikia “Kamwene.” Nikamuuliza umelalaje. Amelala vizuri. Joto lake lilikuwa zaidi ya mia na tatu, kwa Farenhaiti.

Siku ya sita ya likizo ya Mama Didas tulipata habari kwamba mganga mkuu wa jimbo anakuja kutoka Mbeya kukagua. Sista, msimamizi wa wodi, alitaka kila kitu king'ae. Mimi niliona fursa. Nilichukua mkasi wa bendeji nikapita kitanda kwa kitanda, vitanda kumi na vinane, nikakata kamba zote na kuziweka kwenye bakuli. Nilijiambia mkaguzi asije akadhani tunaganga kwa hirizi.

Mkaguzi alipita wodini kwa robo saa. Alilifungua daftari langu, akageuza karatasi tatu, akasema ni safi sana. Alipoondoka na Landrova yake nilihisi nimekua kwa inchi mbili.

Jioni nililitazama lile bakuli. Kamba kumi na nane, na sikujua ipi ya nani. Ningeweza kuwauliza wagonjwa. Maswali niliyajua, nilikuwa nimeyasikia miaka sita. Ingenichukua saa moja hivi, nikichuchumaa kando ya kila kitanda na kuuliza watu wazima habari za mitungi yao. Niliona hiyo ni kazi ya aya. Kwa hiyo nilizirudisha kwa haki: kila kitanda mafundo mawili. Zilizokuwa na zaidi nilifungua, zilizopungua niliongeza. Zilipendeza. Zote zilikuwa sawa.

Kesho yake Bwana Pumua alifika kitanda cha tisa. Pumua. Shika. Pumua tena. Kifua kilikuwa safi na homa ilikuwa imetoka siku nne nyuma.

“Hujambo?”

“Sijambo, bwana.”

Daktari akainama, akapapasa. Mawili. Akasaini.

Marcelino alipokuwa akikunja blanketi aliifungua ile kamba kwenye mguu wa kitanda, akaniuliza kwa adabu, “Bwana Dresa, na hii dawa naweza kwenda nayo?”

Nilikuwa na haraka tena. Nikamwambia achukue. Kwenye daftari niliandika “Amepona” kwa wino mwekundu.

Mama Didas alirudi baada ya siku nane, mikono imechubuka kwa kupukuchua mahindi. Alisimama mbele ya kitanda cha tisa, alipolala sasa kijana wa Kihesa mwenye pumu.

“Yule wa Ilula iko wapi?”

“Amepona. Ameruhusiwa.”

“Nani ameruhusu mafundo sita?”

“Yalikuwa mawili,” nilisema, huku nikijua ni nani aliyeyafanya mawili.

Alipiga magoti. Alikwenda kitanda kwa kitanda akipapasa, mpaka cha kumi na nane. Alipoinuka hakunitukana. Heri angenitukana. Alinyoosha mkono wake mbele ya uso wangu akahesabu kwa vidole, taratibu, kama anavyohesabiwa mtoto.

“Hakuna wa kumpikia. Moto ndani, dirisha hakuna. Maji huko bondeni. Bibi yake ana tumbo kubwa. Mwaka jana aliugua hivi hivi, akatoroka hospitali kwenda kulima.” Vidole vya mkono mmoja vilikwisha, akainua cha mkono wa pili. “Na hii ndiyo kubwa. Huyu hasemi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anaomba radhi.”

Akavua aproni. Akaniambia lori la Othmani linakwenda Kilosa kesho alfajiri, na kwamba nichukue sindano na penisilini na mablanketi mawili. Kwa cheo mimi nilikuwa mkubwa wake. Nilisema, “Ndiyo, mama.”

Sista alitupa ruhusa ya siku mbili baada ya mimi kumweleza yote. Alinitazama tu, na mpaka leo sijui kama alinionea huruma au alinidharau.

Othmani ni binamu yangu. Alitupakia juu ya magunia ya viazi, na baridi ya mwezi wa sita ilitupiga mpaka Ilula. Tulishuka barabarani tukaanza kupanda mlima kwa miguu. Mama Didas alipanda mbele. Alimuuliza kila tuliyekutana naye nyumba ya Marcelino iko wapi. Wa kwanza alionyesha kwa kidole. Wa pili pia. Wa tatu, mwanamke mwenye mzigo wa kuni, hakuonyesha kitu. Aliutua mzigo wake chini, akatupa pole.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu dresa.

Nilimwambia Mama Didas, “Turudi. Tumechelewa.”

“Wewe umechelewa,” alisema. “Mimi nakwenda kuhani.”

Nyumba ilikuwa juu, kama alivyosema. Bonde lilikuwa chini, na njia ya maji ilionekana jinsi ilivyochongoka. Ndani moto uliwaka katikati na moshi ulitoka mlangoni, penye nafasi. Mjane aliitwa Apolonia. Tumbo lake lilikuwa la mwezi wa nane, kichwa kimenyolewa. Kulikuwa na kigoda kimoja, akanipa mimi.

Alitushukuru. Alisema marehemu alirudi akiisifu hospitali, hasa dresa mmoja wa mjini mwenye mkono mwepesi wa sindano. Alisema siku ya pili tu Marcelino aliuchukua mtungi, akamkataza mkewe asiteremke tena bondeni. Siku ya nne alianza kutetemeka. Mkewe akamuuliza, Baba Evarista, turudi hospitali? Akasema hajambo. Siku ya sita hakusema kitu.

Nilimtazama Mama Didas. Alikuwa anautazama moto.

“Lakini dawa yenu aliitunza,” Apolonia alisema. “Alipoona amezidiwa aliivua mkononi, akamfunga huyu mtoto.”

Hapo ndipo nilipomwona. Msichana wa miaka minne hivi, Evarista mwenyewe, kwenye mkeka, upande wa pili wa moshi. Mkononi alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo mawili, bapa na safi, fundo la bendeji kama tulivyofundishwa chuoni. Yalikuwa mafundo yangu. Mtoto alikohoa, na nilipomfunua kifua mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

“Tangu juzi,” mama yake alisema. “Ila si mbaya. Ana dawa.”

Niliinuka kwenye kigoda. Nilimwambia ile si dawa. Nilimwambia yote, mkaguzi, mkasi, bakuli, haki yangu ya mafundo mawili kwa kila mtu. Kiswahili changu kilimpita, na Kihehe mimi nilikielewa kuliko kukisema, kwa hiyo Mama Didas alitafsiri kwa Kihehe, na alitafsiri kirefu kuliko nilivyosema. Nililia. Sikulia kwa adabu.

Apolonia aliutazama mkono wa mtoto. Kisha akauliza, “Kwa hiyo yalikuwa sita?”

“Sita,” alisema Mama Didas.

“Angeulizwa vizuri angesema,” alisema Apolonia. Akafikiri kidogo. “Hapana. Hangesema.”

Nilimchoma mtoto sindano. Alipiga kelele, jambo lililonifariji. Nilidhani tutaondoka mara moja, lakini Mama Didas alinisukuma kwa kiwiko.

“Uliza.”

“Niulize nini?”

“Unajua.”

Nilichuchumaa kando ya mkeka. Magoti yangu hayakuwa yamezoea. Nilifungua yale mafundo mawili ya bendeji nikaanza upya. Nikauliza moto. Nikapiga fundo. Nikauliza maji, nikauliza ujauzito, nikauliza kama mtoto amewahi kuugua hivi kabla, na mwaka jana aliwahi. Manne. Nikauliza nani atakuja hospitali kumpikia. Apolonia alilitazama tumbo lake, akautazama mlango. Mama mkwe alikuwa kipofu. Hakukuwa na mtu. La tano.

“Na la sita,” alisema Mama Didas.

“Huyu ni mtoto, mama.”

“Ni mtoto wa Marcelino. Amekohoa mara ngapi tangu tumeingia? Kila mara ameziba mdomo.”

Nilipiga la sita. Kisha nililitazama la tano kwa muda. Nikalifungua.

“Nani atampikia?” aliuliza Mama Didas, kwa sauti ileile ya wodini.

“Mimi,” nilisema.

Mama Didas alimfunga Evarista mgongoni kwa kanga na blanketi, akaanza kuteremka. Mimi nilibeba unga na chungu. Apolonia alibaki na mama mkwe wake. Kabla hatujaondoka Mama Didas alikuwa amesimamisha wanaume wawili wa jirani, akawaonyesha ukutani mahali pa kutoboa dirisha. Aliongea nao bila kubembeleza, nao wakaenda kutafuta majembe.

Karibu wiki nne nilipika katika banda la nyuma ya wodi, mimi mtoto wa Miyomboni, kati ya wanawake waliocheka mpaka wakashika mbavu. Ugali wangu ulikuwa na mabuje ya unga mbichi. Mama yangu aliposikia alikuja kuona kwa macho yake, akaguna, akarudi nyumbani akaniletea mwiko wa maana. Mchana nilipika, jioni nilipika, katikati nikawa dresa. Wagonjwa wengine wote niliwauliza upya, kitanda kwa kitanda, nikichuchumaa. Ilinichukua saa moja na robo.

Siku ya kumi na tisa Bwana Pumua alisimama mbele ya Evarista. Homa ilikuwa imetoka. Alisikiliza kifua mbele na nyuma. Pumua. Shika. Pumua tena. Alionekana kuridhika.

“Hujambo?”

Mtoto alimtazama daktari. Akanitazama mimi. Mkono wake ukaanza kupanda kuuziba mdomo, ukaishia njiani. Akaweka kidole chini ya chuchu ya kulia, akasema kwa Kihehe kwamba panauma hapa, hasa akilala upande huu, na panauma tangu jana, na ugali wa huyu mtu haushuki.

Nilitafsiri yote, pamoja na ugali. Daktari alirudisha kipimo masikioni, akasikiliza pale palipoonyeshwa, kwa muda mrefu, kisha akakunja karatasi ya ruhusa akaitia mfukoni. Aliandika wiki moja zaidi. Katika daftari langu lote, wino mweusi, wa bluu na mwekundu, huyo ndiye mgonjwa wa kwanza aliyejibu alichoulizwa. Nilifurahi mpaka ikabidi nijifanye natafuta kitu kabatini.

Mama Didas aliweka ndoo chini. Akainama kwenye mguu wa kitanda, nilipoifunga kamba ya Evarista, akalitafuta fundo la sita, akalifungua.